Mbolea Mwisho wa Reli

Marehemu baba alikuwa kuli bandarini Kigoma, na mzigo aliouchukia kuliko yote ulikuwa mbolea. CAN (kalsiamu amoniamu nitreti) ikinyeshewa ndani ya behewa bovu iliganda ikawa jiwe, mfuko ukagoma kukaa begani. SA (salfeti ya amonia) nayo ilichanganyika na jasho ikachoma kila penye mchubuko. Iliyomwagika ilifagiliwa pamoja na vumbi, na akina mama wa Bangwe waliichukua wakaitia kwenye mchicha wao.

Mifuko hiyo ilitoka mbali. Kiwanda cha mbolea cha Tanga, kilichoanza kazi mwaka 1972, kilijengwa kando ya bahari kwa kuwa malighafi yake ilikuja kwa meli: amonia, salfa, potashi, hata mawe ya fosfeti. Mawe hayo tulikuwa nayo Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, yakijulikana tangu miaka ya 1950, lakini uchimbaji ulisubiri hadi 1983. Kutoka Tanga behewa lilifika Mnyusi, likakata kusini hadi Ruvu kwa kipande cha reli cha mwaka 1963, kisha likashika Reli ya Kati: Morogoro, Dodoma, Tabora, Uvinza, mpaka Kigoma, ambako Wajerumani walifikisha reli Februari 1914. Kutoka Dar es Salaam tu ni kilomita zaidi ya 1,200.

Safari hiyo nani ailipie? Katika miaka ya 1970 serikali ilijibu kwa kuweka bei moja ya mbolea nchi nzima. Mkulima wa kahawa wa Kalinzi, huku Kigoma, alilipa sawa na mwenzake aliyeishi jirani na kiwanda. Wachumi waliona ni hasara, na hasara ilikuwapo kweli kwenye vitabu. Mimi naiona kuwa sera ya haki kuliko nyingi tulizowahi kupewa huku, kwa sababu hakuna mkulima aliyechagua kuzaliwa mwisho wa reli.

Ruzuku iliyobeba bei hiyo ilianza kupunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikafutwa. Kiwanda cha Tanga nacho kilifungwa. Tangu hapo nauli ikahamia kwenye bei ya mfuko, na wengi wakawa wananunua kwa kilo, ikipimwa kwa kopo dukani. Tena mvua zetu hazisubiri treni. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 yaliposomba reli kati ya Kilosa na Gulwe, njia ilifungwa kwa miezi. Mbolea ya kupandia ikichelewa hivyo, mahindi yameshafika magotini.

Mwaka 2022 vita vya Ukraine viliibana Urusi, mmoja wa wauzaji wakubwa wa mbolea duniani, na bei zikapaa hadi Kasulu. Agosti mwaka huo ruzuku ikarudi, mfuko wa urea wa kilo 50 ukauzwa shilingi 70,000.

Warundi ndio wamenishangaza zaidi. Tangu mkataba wa 1921 uliowapa Wabelgiji, waliotawala Burundi wakati huo, eneo lao bandarini Kigoma, shehena za Burundi zimekuwa zikitoka pwani kwa reli na kupakiwa hapa kwenye matishari kwenda Bujumbura. Oktoba 2021 Rais Évariste Ndayishimiye alifika Nala, Dodoma, akaweka jiwe la msingi la kiwanda cha mbolea cha Itracom, mali ya wawekezaji wa Burundi. Kimesimama katikati ya nchi, jirani na Reli ya Kati, na safari ya kutoka Dodoma hadi Kigoma ni fupi kuliko ile aliyoipokea baba begani.