Kasi ya Kumudu Ndege: Historia ya Kipimo na Istilahi Yake

Mara nyingi mfasiri huliona neno la kigeni kuwa lina maana moja tu, kumbe historia imelibebesha maana mbili. Mfano wake ni kasi ya chini ya kumudu ndege. Ndege yenye injini mbili ikiharibikiwa na injini moja ghafla, injini iliyobaki huisukuma ipinde. Ikiwa chini ya kasi hiyo, rubani hawezi tena kuinyoosha kwa usukani wa mkia.

Kanuni za Marekani za ndege ndogo, Sehemu ya 23, zilizoanza kutumika mwaka 1965, zilitaka kasi hiyo ipatikane katika hali ngumu: injini nzima ikitoa nguvu zote za kurukia, kitovu cha uzito kikiwa nyuma kadiri inavyoruhusiwa, magurudumu yakiwa yamekunjwa, na ndege ikiinamishwa kwa digrii zisizozidi 5. Msingi wake ulikuwa hali sanifu ya usawa wa bahari, yenye nyuzijoto 15 za Selsiasi. Baadaye tarakimu hiyo iliwekewa mstari mwekundu katika kipimakasi.

Hata hivyo, hewa si sawa mahali pote. Kadiri kimo au joto linavyozidi, hewa huwa nyepesi. Injini ya pistoni isiyo na pampu ya kuongeza hewa hupungukiwa nguvu, msukumo wa upande mmoja hupungua, na kasi halisi ya kumudu hushuka. Kwa hiyo ndege ile ile haina kasi moja Dar es Salaam na Nairobi, penye kimo cha mita 1,600 hivi.

Msomaji asidhani kuwa hiyo ni heri tupu. Kasi ambayo mabawa hushindwa kuibeba ndege, kama isomwavyo katika kipimakasi, karibu haibadiliki kwa kimo. Basi hufika mahali kasi hizo mbili zikakutana. Mwanafunzi akizidi kupunguza mwendo hapo, mabawa hushindwa huku injini moja ikisukuma, na ndege huanguka ikizunguka. Mazoezi ya namna hiyo yameua watu.

Kanuni hizo ziliandikwa upya mwaka 2017, lakini ndege nyingi zilizothibitishwa zamani zingali zikiruka na mistari yao. Hivyo yafaa tuwe na istilahi mbili: kasi ya kumudu iliyothibitishwa, kwa tarakimu ya kitabu, na kasi halisi ya kumudu, kwa ile inayofuata hewa ya mahali. Mwalimu asiyezitenganisha humfundisha mwanafunzi kuuamini mstari mahali ambapo hatari imekwisha kuuhama.