Majitaka: masharti ya kumwaga katika mabomba ya umma (Kenya)

Ni kanuni zinazobainisha uchafu unaoruhusiwa kuingia katika mtandao wa majitaka. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 humtaka mwenye kiwanda kuelekeza majitaka yake katika mtandao uliopo, kwa leseni. Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 ziliweka viwango: pH kati ya 6 na 9, jotoridi la nyuzi 20 hadi 35 za Selsiasi, na chembe zinazoelea zisizozidi miligramu 250 kwa lita. Viyeyusho vinavyoshika moto, kabidi na masalia ya mionzi vilipigwa marufuku kabisa. Mafuta ya jikoni huganda yakaziba mabomba, sumu huua bakteria wanaosafisha maji, na mvuke wa petroli huweza kulipuka.

Katika Kaunti ya Kwale, kuanzia Diani hadi Lunga Lunga mpakani na Tanzania, kaya nyingi hazitumii mabomba hayo bali hutegemea vyoo vya shimo au matangi ya majitaka yanayonyonywa kwa lori. Miamba ya matumbawe ya Diani hupitisha maji upesi, hivyo kinachomwagwa ardhini huweza kufika visimani. Tangu Katiba ya 2010, huduma za maji na usafi ni jukumu la kaunti.