Mwanafunzi wa uzamifu ugenini ahitaji mwenzake wa kumvusha

Neno 'bodaboda' lilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Miaka ya 1960, msafiri aliyeteremka basi upande mmoja alikuwa na mwendo mrefu kati ya vituo viwili vya forodha. Vijana wa baiskeli wakawa wanampakia na kumvusha, kutoka boda hadi boda.

Nalikumbuka neno hili kila ninaposikia mjadala kuhusu ulezi rika wa wanafunzi wa uzamifu wanaosomea ugenini. Miaka ya tisini nilivuka Busia nikiwa mmoja wao, nimebeba vitabu na maswali tele. Kibali cha mwanafunzi huombwa wapi? Msimamizi asiposoma sura yako kwa miezi minne, utamwambiaje bila kumvunjia heshima? Ofisini sikupata jibu. Aliyenijibu ni Mkenya mwenzangu aliyenitangulia kwa miaka miwili: "Ndugu yangu, usimpe sura nzima. Mpelekee kurasa kumi kumi, na uandike tarehe uliyompa." Tasnifu ikaisha. Wenzangu wawili waliacha yao njiani. Si kwa uhaba wa akili, bali walikosa wa kumuuliza.

Hali haikuwa hivi tangu jadi. Kati ya 1963 na 1970, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam zilikuwa sehemu za Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Mwanzoni, utabibu ulisomewa Makerere, uhandisi Nairobi na sheria Dar es Salaam. Mkenya aliyevuka Malaba kwenda Kampala alikuwa bado chuoni mwake. Chuo hicho kilipovunjwa, mwenyeji wa jana akawa mgeni.

Siku hizi Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, linajitahidi kuoanisha masomo na viwango. Ni kazi njema, ila viwango havimshiki mtu mkono. Mpakani penyewe tumejifunza: Busia na Malaba sasa zina vituo vya pamoja, msafiri anahudumiwa na maafisa wa nchi zote mbili mahali pamoja.

Basi vyuo vyetu navyo vimpe kila mwanafunzi mgeni, siku ya kwanza, jina la mwenzake aliyetangulia. Na huyo mlezi apewe japo nauli na muda. Hata kijana wa baiskeli pale Busia hakuvusha watu bure.