Nyumba ya kazi: historia ya watu wanaoishi kazini, kutoka Lulimbi hadi Rumangabo

RUTSHURU – Katika mtaa wa Rutshuru kuna kazi ambayo mtu haiendei asubuhi akarudi jioni. Anahamia. Anapewa nyumba kambini, analeta mke, watoto wanazaliwa pale na kukulia pale. Ni kazi ya vituo vya parki ya Virunga: Rumangabo, Rwindi, Mabenga, Bukima, na Lulimbi kule chini karibu na ziwa Edouard. Wakaaji wengi wakisikia "watu wa parki" wanafikiria bunduki, faini na mashamba yaliyokatazwa. Mambo hayo yapo na yana uchungu wake. Lakini kambini kuna pia dereva, mpishi, fundi wa magari, mfuata nyayo za ngagi, mpiga kasia anayewapeleka wachunguzi ziwani, na mwalimu wa watoto wa kambi. Karibu wote ni watoto wa vijiji hivi hivi vya Rutshuru, Nyiragongo na Lubero.

Parki ilianzishwa tarehe 21 Aprili 1925, ikapewa jina la mfalme Albert wa Ubelgiji. Tangu mwanzo haikutajwa kuwa mahali pa matembezi tu. Ilitakiwa iwe mahali pa masomo, ambapo wataalamu wangekuja kukaa, kupima na kuandika. Mwaka 1926 Mmarekani Carl Akeley, aliyeupigania sana mpango huo, alirudi kwenye mlima Mikeno akafa huko Kabara, na akazikwa huko. Kabara iko juu sana, kwenye baridi na matope. Kila sanduku na kila hema lililofika kule lilipanda juu ya kichwa au mgongo wa mtu wa hapa.

Baada yake wakaja wengine. Gaston-François de Witte alizunguka parki kuanzia 1933 hadi 1935 akikusanya wanyama na mimea. Mwaka 1935 na 1936 akaja Hubert Damas kuchunguza maji ya ziwa Kivu, ziwa Edouard na ziwa dogo la Ndalaga. Kupima ziwa si kazi ya kalamu peke yake. Kuna anayeshika mtumbwi usigeuke upepo unapoanza, anayeshusha nyavu na kamba, anayebeba chupa za maji kutoka ufukweni, anayelala macho kwa sababu viboko wanapanda kula majani usiku. Ripoti ya uchunguzi ule ina jina la Damas kwenye jalada. Waliopiga kasia walilipwa, wakarudi kwao.

Walilipwa namna gani? Wazee wa Rutshuru bado wanalikumbuka neno posho. Kazi ya wakati wa Wabelgiji ilikuwa na sehemu mbili, pesa kidogo na chakula. Juu yake ulikuwepo mkataba. Dekreti ya 16 Machi 1922 juu ya mikataba ya kazi ilimfunga mfanyakazi mweusi kwa namna ambayo leo inashangaza: kuacha kazi kabla ya wakati hakukuwa ugomvi kati ya watu wawili, kulikuwa kosa la kupelekwa gerezani. Kwa mtu anayelala nyumba yake kijijini, hilo lilikuwa zito. Kwa mtu anayelala kambini lilikuwa zito mara mbili, kwa maana bwana wake wa kazi ndiye pia mwenye nyumba.

Wakati huohuo watu wa ufukweni mwa ziwa Edouard walikuwa wameondolewa, kwa sababu ya parki na kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Uvuvi ulirudishwa baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1940, pale Vitshumbi, chini ya ushirika na kwa idadi ya mitumbwi iliyohesabiwa. Kwa hiyo kwenye ziwa moja walikutana watu wa aina mbili: mvuvi mwenye ruhusa, na mlinzi anayeangalia ruhusa hiyo. Mara nyingi walikuwa ndugu. Hadithi ya ugomvi wao ni ndefu na inastahili siku yake.

Baada ya uhuru parki ilibadilishwa jina kuwa Virunga mwaka 1969. Serikali ya Mobutu iliweka nguvu katika parki, na taasisi ya uhifadhi ikakabidhiwa mikononi mwa Mbelgiji Jacques Verschuren. Ndiyo miaka ambayo Lulimbi ilijulikana. Kituo kile kiko kwenye uwanda wa mto Ishasha, unaotenganisha Kongo na Uganda, si mbali na kijiji cha wavuvi cha Nyakakoma. Wachunguzi walikaa pale miezi na miezi wakihesabu viboko, nyati na swala. Kazi ya viboko ilikuwa kubwa. Katikati ya miaka ya 1970 parki ilihesabiwa kuwa na viboko karibu 27.000, na hapakuwa mahali pengine Afrika penye wengi hivyo. Kiboko anakula majani usiku nchi kavu, mchana anaacha mavi majini, na mavi hayo ndiyo yanayolisha vijidudu ambavyo samaki wanakula. Mama muuza samaki wa soko la Kiwanja alikuwa mteja wa kiboko bila kujua.

Wafanyakazi wa zamani wa vituo huzungumzia miaka ile kwa hamu. Rwindi ilikuwa na hoteli yake, watalii walikuja, na wapishi, watandika vitanda na waongozaji walipata kazi. Hata hivyo hamu hiyo isifiche umbali. Mtu wa Lulimbi aliyekuwa na mtoto mgonjwa usiku alikuwa na barabara ya udongo mbele yake, tembo katikati, na hospitali Rutshuru.

Kuna jambo moja ambalo wasimuliaji wa habari za parki hulipita haraka, na ndilo kiini cha maisha ya kambi. Mfanyakazi wa kituo anaishi katikati ya udongo mzuri kuliko wote wa Kivu na haruhusiwi kupanda hata shina moja la muhogo. Jirani yake wa Rugari au wa Kiwanja, hata akiwa maskini, mshahara wake ukikosekana ana maharagi shambani. Mtu wa kambi hana. Sheria anayoilinda inaanza kwa kumfunga yeye mwenyewe. Maisha yake yote yanasimama juu ya mguu mmoja, mshahara.

Mguu huo ukavunjika miaka ya 1990. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia, na kambi za Kibumba, Katale na Kahindo zikasimama ukingoni mwa parki. Miti ilikatwa kila siku kwa kuni. Mwaka huohuo UNESCO iliiandika Virunga katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Ikafuata vita ya 1996, halafu ile ya 1998. Mishahara ya serikali ilipotea, na iliyofika haikutosha hata gunia la unga. Walinzi waliendelea kutoka doria kwa miezi mingi bila kulipwa. Kuanzia mwaka 2000 mradi wa UNESCO ulianza kuwalipa walinzi wa maeneo matano ya urithi wa Kongo pesa za kutia moyo. Hazikuwa mshahara, lakini zilizuia wengi wasiondoke. Jina lenyewe, pesa za kutia moyo, linaonyesha hali ilikuwaje.

Wengine hawakuvumilia. Ujangili wa nyama ya viboko uliwalisha wenye silaha wa kila upande, na haikuwa siri kwamba baadhi ya watu wenye sare za parki walishiriki. Katikati ya miaka ya 2000 viboko walikuwa wamebaki chini ya 1.000. Wavuvi wa Vitshumbi na Nyakakoma waliona nyavu zikipanda nyepesi. Lawama ziliwaangukia walinzi, na sehemu yake ni halali. Lakini mwajiri anayemweka mtu porini na bunduki, bila shamba na bila mshahara, naye ana swali la kujibu.

Halafu ikaja tarehe 26 Oktoba 2008. Wapiganaji wa CNDP wa Laurent Nkunda waliiteka Rumangabo, makao makuu ya parki. Walinzi waliingia msituni, wengine wakatembea siku nyingi bila chakula hadi Goma. Familia zao zilikuwa zimeshika njia pamoja na raia wengine wa Rutshuru, godoro kichwani, sufuria mkononi. Hapo ndipo maana ya nyumba ya kazi ilipoonekana wazi. Mkulima aliyekimbia aliacha shamba ambalo siku moja angelirudia. Mtu wa kambi, katika saa moja, alipoteza kazi, nyumba, shule ya watoto na majirani, kwa sababu vyote vilikuwa kitu kimoja. Mwezi uliofuata Emmanuel de Merode, aliyekuwa mkurugenzi tangu mwaka ule, alifanya mazungumzo na Nkunda ili walinzi waruhusiwe kurudi kwenye sehemu ya ngagi. Walirudi kazini ndani ya eneo la waasi. Mwaka 2012 M23 ilipoteka eneo hilohilo, wafanyakazi wengine walibaki Rumangabo ili ngagi yatima wasibaki peke yao.

Yatima hao wana kituo chao, Senkwekwe, kilichofunguliwa Rumangabo mwaka 2010. Ngagi mchanga halali peke yake. Anataka joto la mwili, kwa hiyo mlezi analala naye, anamnywesha maziwa, anambeba mgongoni mchana. Kazi ya namna hiyo haina zamu ya usiku na zamu ya mchana. Mwezi wa Septemba 2021 ngagi Ndakasi alikufa mikononi mwa mlezi wake André Bauma, aliyekuwa naye tangu 2007, na picha yao ilizunguka dunia. Ni picha nzuri. Hata hivyo haionyeshi usiku ambao watoto wa mlezi walilala bila baba yao.

Tangu 1925 walinzi zaidi ya 200 wameuawa Virunga, wengi wao tangu vita za miaka ya 1990. Aprili 2018 walinzi watano na dereva waliuawa upande wa Lulimbi. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, walikufa walinzi 12, dereva mmoja na raia wanne, baada ya walinzi kukuta gari la raia likishambuliwa. Januari 2021 wakauawa walinzi wengine sita. Madereva wasisahauliwe katika hesabu hii. Hawabebi bunduki, na wanakaa mbele.

Nyumba ya kambi inafuata kazi. Mwenye kazi akifa, swali la nyumba linaingia mlangoni pamoja na msiba. Rumangabo kuna chumba cha kushona ambapo wajane wa walinzi hufanya kazi kwa cherehani na kupata kipato chao wenyewe. Ni jambo la kweli na limesaidia. Lakini cherehani ni kazi nyingine, si nyumba. Sheria ya kazi ya Kongo ya 16 Oktoba 2002 inamtaka mwajiri anayemwajiri mtu mbali na kwao ampe yeye na familia yake makao yanayofaa, au pesa za kupanga nyumba. Sheria hiyo inamwangalia mfanyakazi aliye hai na aliye kazini.

Mwisho wa Oktoba 2022 M23 iliingia Kiwanja na Rutshuru-centre. Barabara ya Goma ikajaa watu tena, na wengi waliishia Kanyaruchinya, kwenye mawe ya Nyiragongo, ndani ya vibanda vya turubai. Watu wa Rumangabo, Rugari na Kibumba walikaa safu kwa safu, mkulima na mtu wa kambi pamoja, bila tofauti machoni pa aliyegawa unga. Mwisho wa Januari 2025 Goma nayo ikaangukia mikononi mwa M23, na Februari waliokuwa kambini wakaambiwa waondoke, kila mtu arudi kwao.

Mkulima alijua kwao ni wapi, hata kama nyumba ilikuwa imebomolewa na shamba limeota majani. Kwa familia ya kambi agizo hilo lilikuwa gumu kulifuata. Mtoto aliyezaliwa Rwindi, akasomea Rumangabo, ambaye baba yake aliuzikwa akiwa na sare, hana kijiji ambacho chifu wake anaweza kumwonyesha mpaka wa shamba. Wengine walikwenda kwa ndugu wa mama. Wengine walipanga chumba Goma, mtaa wa Majengo au Ndosho, na wanalipa kila mwezi kwa kufua nguo za watu na kuuza makaa.