Dawa za kutuliza mchochota

Dawa za kutuliza mchochota ni kundi la dawa zinazopunguza uvimbe, joto na maumivu yanayotokea mwili unapoumia au kuvamiwa na vijidudu. Mchochota hutambulika kwa alama nne, na Mrumi Aulus Cornelius Celsus alikwisha kuziorodhesha katika karne ya kwanza: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. (Ya kwanza haimsaidii sana daktari anayetazama ngozi nyeusi, hapo mkono huhisi joto kabla jicho halijaona rangi.) Kwa asili yake mchochota si ugonjwa. Mishipa midogo ya damu hutanuka, kuta zake hupitisha majimaji, na chembe nyeupe za damu hutoka kwenda mahali palipoharibika. Huwa balaa pale unapozidi kiasi au unapokataa kwisha, kama ilivyo kwa wenye baridi yabisi, ambao kinga ya mwili wao hushambulia viungo vyao wenyewe.

Mchochota huendeshwa kwa kemikali. Seli ikijeruhiwa, utando wake huachia mafuta yaitwayo asidi ya arakidoniki. Kimeng'enya cha saiklooksijenasi, au COX kwa kifupi, huyachukua na kuanza kuyageuza kuwa prostaglandini. Hizi hutanua mishipa, huzifanya neva za maumivu ziwe nyepesi kuhisi na, zikifika kwenye ubongo, hupandisha homa. Aspirini, ibuprofeni, diklofenaki na indomethasini zote huzuia COX. Hazigusi jeraha wala kuua kijidudu. Zinachokata ni ujumbe.

Jambo hilo lilijulikana kwa kuchelewa mno. Mchungaji Edward Stone wa Uingereza aliandika mwaka 1763 kwamba unga wa gome la mti wa mwilo unatuliza homa, na kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilianza kuuza aspirini mwaka 1899. Kwa zaidi ya miaka 70 watu walimeza mabilioni ya vidonge bila mtu yeyote kujua vinafanya nini. Mwaka 1971 John Vane, mtafiti wa dawa jijini London, alisaga mapafu ya simbilisi, akayawekea asidi ya arakidoniki na kupima prostaglandini zilizotokea. Alipotia aspirini au indomethasini, zikapungua, na kadiri alivyozidisha dawa ndivyo zilivyozidi kupungua. Mwaka 1982 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Wasweden Sune Bergström na Bengt Samuelsson.

Ugunduzi huo ulieleza pia kwa nini dawa hizi huumiza. Prostaglandini hazikai kwenye jeraha tu. Tumboni husimamia utandotelezi unaokinga ukuta wa tumbo dhidi ya asidi, na kwenye figo husaidia mishipa kubaki wazi wakati damu inapokuwa chache. Anayemeza dawa hizi kila siku kwa ajili ya maumivu ya mgongo, iwe ni ibuprofeni ambayo wengi huiita brufeni au diklopa yenye diklofenaki na parasetamoli, huondoa kinga hizo zote kwa pamoja. Vidonda vya tumbo na kushindwa kwa figo, kwa hiyo, si ajali iliyo nje ya kazi ya dawa. Ni kazi ileile, mahali pasipotakiwa.

Ndege ndio waliolipa gharama kubwa kuliko wote. Katika Asia Kusini wafugaji walikuwa wakiwapa ng'ombe diklofenaki, na tumbusi waliokula mizoga yao walikufa kwa figo kushindwa. Sababu ilithibitishwa nchini Pakistan mwaka 2004, wakati jamii tatu za tumbusi zilikuwa zimepungua kwa zaidi ya asilimia 90. India, Pakistan na Nepal zilipiga marufuku matumizi yake kwa mifugo mwaka 2006.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilibainika kwamba COX ni vimeng'enya viwili: COX-1, ambayo hulinda tumbo siku zote, na COX-2, ambayo huongezeka sana penye mchochota. Kampuni zikakimbilia dawa za kuzuia COX-2 peke yake. Tumbo lilipata nafuu, moyo ukaumia: COX-2 husaidia kuta za mishipa kutengeneza kemikali inayozuia damu kuganda, na kemikali hiyo ilipopungua, ile ya kugandisha ikabaki bila mpinzani. Kampuni ya Merck iliiondoa Vioxx, mojawapo ya dawa hizo, sokoni Septemba 2004, baada ya utafiti kuonyesha ongezeko la mshtuko wa moyo na kiharusi.

Aspirini ina tabia ya pekee. Wenzake hushika COX kisha huachia. Yenyewe hukiharibu moja kwa moja. Chembe sahani za damu hazina kiini, hivyo haziwezi kutengeneza kimeng'enya kipya hadi zife, baada ya siku 7 hadi 10. Ndiyo maana dozi ndogo ya kila siku hutosha kumkinga aliyewahi kupata mshtuko wa moyo. Kwa sababu hiyohiyo, wakati wa milipuko ya dengi Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, homa ilipaswa kutulizwa kwa parasetamoli: dengi hupunguza chembe sahani, na aspirini au ibuprofeni huongeza hatari ya kuvuja damu. Parasetamoli yenyewe hushusha homa na maumivu, lakini uvimbe huugusa kidogo sana.

Mbali na dawa za kuzuia COX, kundi la pili ni steroidi, zinazoiga homoni ya kotisoli. Mwaka 1948, katika Mayo Clinic nchini Marekani, Philip Hench alimdunga kotisoni mwanamke aliyelemazwa na baridi yabisi; siku chache baadaye alitembea. Steroidi huingia ndani ya seli na kuzima jeni zinazoagiza kemikali nyingi za mchochota, COX-2 ikiwemo. Mwaka 2020 deksamethasoni, dawa ya bei nafuu, ilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja miongoni mwa wagonjwa wa UVIKO-19 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Steroidi zikitumiwa kwa muda mrefu hudhoofisha mifupa, hupandisha sukari na hulegeza kinga, na tezi zilizo juu ya figo huacha kutengeneza kotisoli. Kwa hiyo mgonjwa wa namna hiyo haachi ghafla: dozi hupunguzwa kidogo kidogo hadi tezi zianze tena kazi yake.