Msuko Unaoitwa Kiswahili

Ukimsikia binti wa Arua akisema kwamba amesukwa Kiswahili, usidhani amekosea sarufi. Nchini Uganda, mistari ya nywele zilizosukwa zikalala juu ya ngozi ya kichwa huitwa Kiswahili, au biswahili kwa wale waliozoea Kiganda. Tanzania, mistari hiyo ikielekea kisogoni yote kwa pamoja, huitwa twende kilioni. Jina la kwetu linaonyesha kwamba watu wa bara waliunasibisha mtindo huo na wanawake wa pwani. Lugha yenyewe ilitufikia West Nile kwa njia nyingine, hasa kupitia kambi za jeshi la King's African Rifles, lililoandikisha vijana wengi wa huku. Mwaka 1973 Idi Amin, ambaye asili ya baba yake ni Koboko, aliitangaza kuwa lugha ya taifa kwa amri. Jina la msuko halikuhitaji amri.

Mwanafunzi wa lugha na akitazame kitenzi chenyewe. Mikeka husukwa, maziwa husukwa mpaka siagi ijitenge, njama husukwa. Na katika fasihi mpangilio wa matukio ya riwaya huitwa msuko. Kwa kila matumizi kuna vitu vilivyotawanyika ambavyo mkono au akili huviunganisha vikashikana.

Ususi wa nywele katika eneo letu ni mkongwe kuliko mipaka yake. Magharibi ya Arua, ng'ambo ya Kongo, Wamangbetu wa bonde la mto Uele walisuka nywele zikasimama juu ya kiunzi cha matete. Georg Schweinfurth, mtaalamu wa mimea, aliyaeleza hayo baada ya kufika kwa Mfalme Mbunza mwaka 1870. Wakati huo Arua na Koboko hazikuwa Uganda. Baadaye zilitawaliwa na Leopold wa Ubelgiji katika eneo la Lado, zikaingizwa Sudan mwaka 1910, kisha zikakabidhiwa Uganda mwaka 1914. Wala ususi haukuwa wa wanawake peke yao: morani wa Kimaasai walisuka nywele ndefu na kuzipaka udongo mwekundu, nao walikuwa wapiganaji, watu wa kukimbia na kuruka.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu msuko huu mara nyingi hutajwa kama pambo tu. Msusi huanza na vishungi vitatu vyembamba karibu na paji la uso, na kwa kila pindo huokota nywele mpya kutoka kwenye ngozi. Kwa hiyo mstari mzima umeshikiliwa na kichwa tangu mwanzo hadi mwisho, tofauti na fundo linaloning'inia kwenye mpira mmoja. Msichana wa jimnastiki akisimama kwa mikono, mistari haimwangukii machoni. Akibingirika mbele, kisogo hugusa mkeka bila kukanyaga donge la nywele. Ncha zikunjwe na kufichwa chini ya mistari, na shanga ziachwe nyumbani, maana huchapa uso na kudondoka pale mwenzake atakapotua. Hata netiboli, mchezo unaopendwa sana katika shule zetu, ina kanuni ya kimataifa inayotaka nywele zifungwe. Tahadhari ni moja, nayo ni kubwa: mistari isivutwe mno. Mtoto anayelia anaposukwa si mdekaji. Mvuto wa mara kwa mara huua mizizi ya nywele, hasa kandokando ya paji la uso, na zilizokufa hivyo huenda zisiote tena.

Katika Olimpiki ya London mwaka 2012, Gabrielle Douglas wa Marekani, akiwa na miaka 16, alikuwa mwanamke wa kwanza mweusi kushinda dhahabu ya jumla ya mtu mmoja mmoja katika jimnastiki. Nywele zake zilikuwa zimenyooshwa na kubanwa kwa vibanio. Mitandaoni wengi, wakiwemo Wamarekani weusi wenzake, waliacha kuzungumzia ushindi wakajadili kichwa chake. Nywele zinazoota zikijikunja zilikuwa zimelazimishwa kukaa kama nywele za aina nyingine, kisha mwenyewe akalaumiwa zilipokataa.

Kwetu lawama hiyo huja kwa sura ya mashine ya kunyolea. Shule nyingi za Uganda huwataka wanafunzi wawe na nywele fupi sana. Zipo hoja za haki: maji ni haba, chawa huenea bwenini, na ada ya msusi hutenganisha mtoto wa tajiri na wa maskini. Sizibezi. Lakini katika baadhi ya shule msichana wa asili ya Kihindi, au chotara, huruhusiwa kuzifunga nywele zake akaingia darasani, ilhali jirani yake Mlugbara au Mkakwa hunyolewa. Hapo si maji wala chawa tena. Ni nywele za aina moja kuhesabiwa uchafu kwa kuota kwake tu.

Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 37, inampa kila mtu haki ya kufuata na kuendeleza utamaduni. Nchini Kenya, Septemba 2019, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba msichana wa Kirastafari hakustahili kufukuzwa shule kwa sababu ya nywele zake. Shauri lile lilihusu dini; mistari ya Kiswahili haina dini. Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza kwetu mwaka 2020 uliweka Elimu ya Viungo na Kiswahili miongoni mwa masomo ya lazima katika vidato viwili vya kwanza. Naona ingetosha kanuni kuruhusu mistari bapa, isiyo na rasta wala shanga, isukwe Jumamosi na mwanafunzi mwenzake bila malipo.

Kwa sasa wasichana husuka likizo inapoanza. Wiki ya kufungua shule misuko hufumuliwa, kisha hupanga foleni kwa kinyozi.