Segall: Mhamiaji aliyechora wahamiaji

LASAR Segall, Myahudi mzaliwa wa Vilnius, Lithuania, alisomea sanaa Ujerumani kabla ya kuhamia Brazil mwaka 1923. Huko alichonga mbao na mabamba ya metali, akachapa picha za wahamiaji wakiwa melini.

Mwaka 1937, Wanazi waliuonyesha mjini Munich mchoro wake wa rangi wa 1919, "Wasafiri wa Milele", waliokuwa wameutwaa kutoka makumbusho ya Dresden, wakiukejeli kuwa sanaa iliyopotoka.

Segall alifariki dunia mwaka 1957 jijini São Paulo. Miaka 10 baadaye, wanawe walitimiza wazo la mama yao, Jenny Klabin Segall, wakaifanya nyumba aliyoishi msanii huyo kuwa makumbusho. Mchoro uliofukuzwa Dresden sasa umehifadhiwa humo.